Utando, ngozi au kiwambo? Na je, lipidi ni mafuta?

SWALI: Mimi ni bwana shamba huku Makete. Kila baridi ya Juni na Julai huwaeleza wakulima kwa nini viazi vya vinyunguni (bustani za mabondeni) vinanyauka baada ya usiku ambao umande umeganda. Nimezoea kusema "ngozi ya seli imepasuka kwa sababu mafuta yake yameganda." Mwenzangu aliyesoma chuo cha kilimo cha Uyole ananikosoa, eti niseme "kiwambo" na "lipidi". Nani yuko sahihi? Na wingi wa utando ni "mitando"?

JIBU: Ndugu bwana shamba, "ngozi" iache. Ngozi huchunwa, hukaushwa, huuzwa. Mkulima akiisikia atafikiria ng'ombe. Wala usikimbilie "ukuta", maana ukuta wa seli upo na ni kitu kingine: ni ule mgumu wa selulosi, uko nje, na seli za mnyama hazina. Unachokisema wewe ni kifuniko chembamba cha seli, nacho kimelala ndani ya huo ukuta.

"Kiwambo" si kosa. Limetoka kwenye kitenzi wamba, yaani kuikaza ngozi juu ya ngoma, na wote tunajua kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tatizo langu ni kwamba kilichowambwa kimekazwa, hakisogei. Kitu hiki kinasogea. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kuwa molekuli za lipidi (jamii ya mafuta na ndugu zake) hutelezea pembeni na kubadilishana nafasi, huku protini zikiwa zimezama katikati yao. Unene wake wote ni nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni za milimita. Kitenzi tanda kinakifaa zaidi: wingu hutanda, na maziwa yaliyochemka yakiachwa yapoe hufanya utando juu. Mimi nachagua utando.

Wingi wake ni tando, kama ukuta na kuta. Utando huu unavuja, tando hizi zinavuja. Kloroplasti, ile chembe ya kijani ndani ya seli ya jani, imefunikwa kwa tando mbili. "Mitando" ingekuwa wingi wa "mtando", na hatuzungumzii mtando.

Kwenye "lipidi" mwenzako ana hoja nzito. Mafuta yote ni lipidi, lakini si lipidi zote ni mafuta. Molekuli ya mafuta ya alizeti ni gliseroli iliyobeba asidi za mafuta tatu, na zote zinayakimbia maji. Fosfolipidi ya utando imebeba mbili tu. Mahali pa ile ya tatu pana kichwa chenye fosfeti (kiwanja cha fosforasi), na kichwa hicho kinayapenda maji. Ndiyo maana zinajipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ikitazamana ndani. Mafuta ya kupikia hayawezi kupanga safu hizo, yangejikusanya kuwa tone. Halafu humo zimo steroli pia, lipidi za aina nyingine. Mnyama ana kolesteroli, mmea una zaidi sitosteroli na stigmasteroli. (Chupa ya alizeti inayojitangaza kuwa "haina kolesteroli" inajisifia kitu ambacho mmea karibu haukuwa nacho tangu mwanzo.)

Tena kuna jambo ambalo bwana shamba hapaswi kulipita. Kwenye tando za ndani za kloroplasti lipidi nyingi hazina fosforasi kabisa. Vichwa vyake ni vya sukari, galaktosi. Mmea ukiishiwa fosforasi hupunguza fosfolipidi kwenye tando zake nyingine na kuziba pengo kwa hizo za sukari, ili fosforasi itumike kwingine. Udongo wa volkano, kama wa Rungwe, huing'ang'ania fosfeti, kwa hiyo suala la mbolea ya kupandia linafika hadi kwenye utando. Ukiishia kusema "mafuta", habari hii haina pa kukaa.

Shambani lakini sioni haja ya kumwangushia mzee wa kijiji "fosfolipidi". Sema "utando wenye asili ya mafuta", inatosha. Kwenye ripoti andika lipidi: lipidi hii, lipidi hizi. "Malipidi" hapana.

Umebakiza "yameganda". Hilo ni kweli nusu. Baridi hupunguza utelezi wa utando, na mimea inayoistahimili hujiandaa kwa kuongeza asidi za mafuta za aina isiyoganda upesi, ile ile inayofanya alizeti ibaki maji jikoni kwako Julai wakati mafuta ya ng'ombe yamekuwa jiwe. Kiazi hakijiandai vizuri hivyo. Na usiku wa umande kuganda, kinachoua hasa ni barafu inayojengeka nje ya seli: inavuta maji kutoka ndani, seli inanywea, utando unachanika. Jua likichomoza barafu inayeyuka, seli zinavuja, jani linalegea kisha linakuwa jeusi. Kwa hiyo sema "barafu imenyonya maji, utando umechanika."

Wakulima wakikujibu "baridi imeunguza", usiwasahihishe. Kuunguza ni kuharibu kama moto uharibuvyo, na jani jeusi la saa nne asubuhi ni ushahidi tosha.