Pua kuchuruzika damu wakati wa kipupwe

Nimezaliwa Tanga, kwenye joto la kunata. Nilipohamia Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nilijiandaa kwa baridi: masweta, blanketi zito, hadi soksi za kulalia. Pua sikuifikiria.

Julai, asubuhi moja, nasahihisha madaftari, tone la damu likadondoka juu ya hesabu za mtoto wa watu. Kabla sijaelewa, la pili. Mwalimu mwenzangu akanirukia: "Inua kichwa juu!" Nikainua. Damu ikashukia kooni, nikaimeza, na muda si mrefu nikatapika mbele ya darasa la nne. Hadi jioni mtaa mzima ulishajua kwamba mwalimu ana kifua kikuu.

Tabibu wa zahanati ndiye aliyeninyoosha. Kaa kitako, inamia mbele kidogo, binya ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa, pumua kwa mdomo. Dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Hapo kwenye kuachia ndipo tunapoharibu. Kila dakika tunachungulia kama imekata, na kila tukichungulia tunabandua damu iliyoanza kuganda. Siku hizi natega saa ya simu. Damu ya mdomoni, tema.

Damu hiyo mara nyingi hutoka kwenye vishipa vidogo vya mbele ya pua. Hewa kavu ikikausha ngozi yake, kidole kimoja tu kinachobandua makoko kinatosha. Mimi nilikuwa nazidisha ukavu kwa kulala na jiko la mkaa chumbani, ujinga ambao ungeweza kuniua kwa hewa ya sumu kabla pua haijapona. Nimeliacha. Usiku naanika taulo bichi karibu na kitanda, napaka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mchele kwenye kila tundu, na nakunywa maji hata bila kiu, maana baridi hukusahaulisha. Kucha nakata kila Jumapili.

Ukibinya nusu saa na bado inatoka, au imeanza baada ya kugongwa kichwani, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali. Nenda umeinama vilevile, umebinya pua, hata kama kondakta anakushangaa.