Re: Watoto wanarudishwa kwa mchango wa madawati, tuanzie wapi?
Salaam mkuu. Umesema watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa madawati, na mwalimu mkuu anasema ruzuku (fedha ambazo serikali huipa shule) haitoshi. Anza na ubao wa matangazo wa shule: ruzuku iliyoingia na matumizi yake vinatakiwa viwe vimebandikwa pale. Hakuna kitu? Iandikieni kamati ya shule, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 mchango ni hiari, mtoto hafukuzwi. Ila ruzuku yenyewe kweli ni ndogo, ilipangwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sisi tulimpa diwani karatasi yenye idadi ya wanafunzi na madawati darasa kwa darasa, kabla halmashauri haijapitisha bajeti. Nanyi mwahini diwani wenu mapema.