Ukitaka taasisi zishirikiane, anza na barabara moja

Kama uko chuoni, serikalini au kwenye asasi na umepewa kazi ya kuratibu taasisi zinazohusika na barabara za hifadhi na misitu, hati ya makubaliano iache kwanza. Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha hapa Mbeya. Hati inasainiwa, picha zinapigwa, watu wanasaini posho, kisha kila ofisi inarudi na takwimu zake na kuzifungia kabatini. Chagueni barabara moja inayomsumbua kila mmoja wenu, mkubaliane fomu moja ya kuijaza. Hati itafuata yenyewe.

Sisi tulianza na njia ya kwenda Hifadhi ya Kitulo kupitia Chimala. Kwa asiyeijua: Chimala iko Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Ukimaliza zile kona za Hamsini na Saba unatokea Matamba, wilayani Makete, na hapo uko Mkoa wa Njombe. Mbele yake ndiyo hifadhi, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa 2005. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za wilaya ni za TARURA, za ndani ya hifadhi anazihudumia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Geukia upande wa Mlima Rungwe, utakuta msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu. Sasa jaribu kuuliza nani ana orodha ya mabovu yote ya njia nzima.

Fomu yetu ilikuwa ya simu, kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu, kwa sababu inajazika bila mtandao na inachukua alama za GPS yenyewe. Hilo la GPS usilipuuze. Mhandisi huitaja sehemu kwa kilomita, askari wa hifadhi huitaja kwa kijito kilicho jirani, dereva wa Fuso huitaja kwa gari lililowahi kuanguka hapo. Bila alama moja, shimo moja linaripotiwa mara tatu na lingine haliripotiwi kabisa.

Na dereva mchukue. Nasema hivi kwa kusisitiza. Kuna kalavati moja lililokuwa likiziba kila mvua ikinyesha. Upande wa barabara wakaona mtaro ni mdogo, upande wa hifadhi wakaona greda limemwaga udongo ovyo. Dereva anayepakia viazi huko akatuonyesha shamba lililo juu ya kona: matuta yamelimwa kuteremka na mlima hadi mdomoni mwa mtaro, na udongo wote unashuka na maji. Kumbe aliyekosekana kwenye kikao ni afisa kilimo wa kata, pamoja na mtendaji wa kijiji. Hakuna fedha ya kupanua mtaro ingetibu hilo.

Jambo jingine ambalo watafiti wetu hulikosea ni msimu. Magari huhesabiwa kiangazi, kwa sababu kiangazi ndipo wahesabuji wanafika bila kukwama. Lakini maua ya Kitulo, yanayofuatwa na watalii, huchanua kati ya Desemba na Aprili, katikati ya mvua. Kwa hiyo ukihesabu Agosti utapata malori ya viazi na bodaboda, watalii hakuna, kisha mtu atasoma jedwali lako na kuamua kwamba barabara hii haihusiani na utalii. Hesabu misimu yote miwili, hata kama ya mvua itakuwa na siku chache. Andika pia magari yaliyogeuza, maana yule aliyeshindwa kupanda haonekani kwenye hesabu ya waliofika.

Watu huniuliza kama kuna nchi imeliweza hili. Marekani walilipatia sura ya kisheria 2012: programu moja ya usafiri kwenye ardhi za shirikisho ikaweka barabara za hifadhi, misitu na wanyamapori kwenye utaratibu mmoja wa fedha, na sheria ikadai iwepo orodha ya taifa ya barabara na miundombinu hiyo. Fedha zao hatuna. Orodha tunaiweza.

Vibali navyo vianze mapema. Utafiti wa wanyamapori ndani ya hifadhi unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Barua ya utambulisho ya mkoa mmoja haitoshi ukivuka kwenda mkoa mwingine, kwa hiyo Mbeya na Njombe zote ziwe na nakala. Na mkipendekeza kumwaga changarawe karibu na hifadhi, waulizeni wahifadhi itoke machimbo gani. Mbegu za magugu husafiri ndani ya kifusi na kwenye matairi ya greda.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti huwa imeshapikwa miezi mingi kabla. Ripoti nzuri ikifika Mei inasubiri mwaka mzima. Andaeni ukurasa mmoja wenye ramani na sehemu tano mbaya kuliko zote, jina la ofisi inayohusika likiwa mbele ya kila sehemu, uwafikie wapangaji kabla ya Krismasi. Faili lenyewe alitunze mtu asiye na haraka ya kuhamishwa. Kwetu tulimpa mtunza kumbukumbu, na wakuu walipobadilishwa, takwimu zilibaki.