Muulize Fundi: Wageni 9,140 au 1,312?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nina tovuti yenye masomo 46 ya aljebra na jiometri, niliyoyaandika usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari. Mwezi uliopita, ukurasa wa takwimu wa kampuni inayonihifadhia tovuti ulionyesha wageni 9,140. Google Analytics, programu ya Google ya kuhesabu wageni niliyoiweka tangu tarehe mosi ya mwezi huohuo, ilionyesha 1,312, tena ikasema kwa wastani mtu anakaa sekunde 41. Nishike ipi? Na kwa sekunde 41, kuna anayejifunza kweli?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo ninalotamani kila mwenye tovuti aniulize. Wengi wakishaiona namba kubwa wanaishia hapo.

Tuanze na 9,140. Kila ukurasa au faili linapoombwa, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: anwani ya IP (namba ya mwombaji mtandaoni), saa, kilichoombwa, na jina ambalo mwombaji amejitambulisha nalo. Programu kama AWStats husoma mistari hiyo na kuijumlisha. Lakini anayeomba si lazima awe mtu. Googlebot na Bingbot hupita kukusanya kurasa kwa ajili ya injini za utafutaji. GPTBot hukusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba. Halafu kuna roboti zinazobisha kila mlango zikitafuta pa kupenyea. Niliwahi kufungua kumbukumbu za tovuti ya mteja wangu mmoja nikakuta mstari baada ya mstari ukiomba wp-login.php, ukurasa wa kuingilia wa WordPress, na tovuti yake haikutengenezwa kwa WordPress hata kidogo. Roboti inayotaja jina lake, AWStats huitambua na kuiweka kando. Inayojiita Chrome, yaani kivinjari cha kawaida cha kufungulia tovuti, hupita, ikahesabiwa kama mwanafunzi wako.

Namba ya 1,312 imepatikana kwa njia nyingine. Ule msimbo mfupi uliobandika kwenye kurasa zako hufanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji, ndipo hupeleka habari Google. Roboti nyingi hazihangaiki kuuendesha, na zile zinazojulikana Google huzichuja. Kwa hiyo hapa uchafu ni mdogo. Ila kuna wasomaji wa kweli wanaokosekana: wenye programu za kuzuia matangazo, wanaotumia Brave, kivinjari ambacho huzuia misimbo ya namna hii, na wenye mtandao wa taratibu wanaoondoka kabla msimbo haujapakuliwa.

Na hata hao 1,312 si watu. Ni vivinjari. Msimbo huacha ndani ya kivinjari kidakuzi, faili dogo lenye namba ya kubahatisha, na namba hiyo ndiyo "mgeni". Mwanafunzi akisoma kwa simu asubuhi na kwa kompyuta jioni, amekuwa wawili. Wanafunzi kumi wakitumia kivinjari kilekile cha kompyuta moja ya maktaba, wamekuwa mmoja. Safari, kivinjari cha Apple, haikiachi kidakuzi cha aina hiyo kiishi zaidi ya siku saba bila msomaji kurudi, kwa hiyo anayekutembelea kila baada ya wiki mbili kwa iPhone ni "mgeni mpya" kila akija, hata kama amesoma masomo yote 46.

Shika hiyo ndogo, Mwalimu, lakini usiitangaze kama idadi ya wanafunzi. Iangalie kwa mwelekeo wake wiki hadi wiki. Makosa yake hayabadilikibadiliki sana, kwa hiyo ikipanda au kushuka inakuambia jambo.

Sasa sekunde 41. Toleo la sasa la Google Analytics huhesabu muda ambao ukurasa uko mbele ya macho tu. Fikiria mwanafunzi wako bora: amefungua somo la milinganyo, amesoma mfano wa kwanza, ameweka simu mezani na kuchukua kalamu. Kioo cha simu kinazima. Anahangaika na swali kwa dakika kumi na mbili, na kwa dakika hizo zote saa ya programu imesimama. Yule aliyekuwa akijifunza hasa ndiye ambaye muda wake haukuandikwa. Ukisoma makala za zamani kuhusu "muda wa wastani", kumbuka kwamba toleo la awali, ambalo Google iliacha kulilisha takwimu mpya Julai 2023, lilipima kwa kutoa saa ya tukio moja kutoka saa ya lililofuata. Aliyefungua ukurasa mmoja akasoma nusu saa na kuondoka bila kubofya kitu aliandikiwa sifuri. Usilinganishe namba za matoleo hayo mawili.

Wastani wenyewe nao unaficha mambo. Huenda wengi wameingia kwa bahati mbaya wakatoka ndani ya sekunde tano, na wachache wamekaa robo saa. Achana na wastani wa tovuti nzima. Chukua somo moja, lile linalofunguliwa zaidi, uliulize maswali mawili. La kwanza, wangapi walifika chini? Programu hurekodi yenyewe, usipokuwa umeizuia, msomaji anapofikia asilimia 90 ya urefu wa ukurasa. La pili, wangapi walipakua karatasi ya mazoezi? Kama mazoezi yako ni faili la PDF, hilo nalo hurekodiwa. Mtu aliyeshuka mpaka chini kisha akachukua mazoezi, huyo ni mwanafunzi. Hata wakiwa 60 tu kwa mwezi, hao 60 ndio darasa lako.

Kisha ufungue Search Console, ambayo nayo ni ya Google na haina malipo, uone maneno watu waliyoandika kabla ya kukufikia. Google Analytics yenyewe haikuonyeshi, kwani tangu 2011 Google ilianza kuyafunga maneno ya utafutaji yasisomwe na tovuti zinazotembelewa. Maneno hayo ni sauti ya msomaji, na sijui kitu kingine kilichonifundisha zaidi. Niliwahi kutunza tovuti ya maelekezo ya ushonaji. Ukurasa mmoja ulikuwa wa kuchukua vipimo, mrefu, nami niliuonea fahari. Maneno ya utafutaji yakaonyesha kwamba wengi walikuwa wakiuliza jambo moja: unapimaje kama huna futi ya utepe? Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa aya ya mwisho. Nililipandisha likawa la kwanza. Muda wa kukaa kwenye ukurasa ule ulishuka, na barua za shukrani zikaanza kuja. Tangu siku hiyo siwezi tena kumwambia mtu kwamba muda mrefu ni mzuri au mfupi ni mbaya bila kwanza kuuliza msomaji alikuja kutafuta nini.

Mambo mawili ya kufanya leo, maana kuchelewa kunagharimu. Nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi data. Google hukuwekea miezi miwili kwa uchunguzi wa kina. Badilisha iwe 14, la sivyo hutaweza kulinganisha muhula huu na wa mwaka jana, na kilichofutwa hakirudi. Pili, jiondoe mwenyewe. Unaposahihisha somo unalifungua mara ishirini. Taja anwani yako ya IP kama ya ndani, kisha uhakikishe kichungi kimewashwa, kwa sababu kinapotengenezwa huwa kiko kwenye hali ya majaribio na hakichuji chochote. Wengi huishia hatua ya kwanza.

SWALI: Fundi, natunza tovuti ya chama cha wasomaji wa vitabu. Zaidi ya nusu ya wageni wetu wamewekwa kwenye kundi la "moja kwa moja", nikaelezwa kwamba hao ni watu walioandika anwani wenyewe. Anwani ya orodha yetu ya mwezi ina herufi 58. Nani anaiandika kwa mkono?

JIBU: Hakuna, Ndugu, na umefanya vyema kutilia shaka. Jina la kundi hilo lingekuwa "sijui katoka wapi". Mtu anapobofya kiungo, kivinjari hutuma pamoja na ombi lake anwani ya ukurasa alikotoka. Sehemu hiyo inaitwa Referer, imekosewa tahajia tangu mwanzo (ingekuwa Referrer), ikaingia kwenye viwango vya HTTP, kanuni za mawasiliano ya tovuti, vya 1996 hivyohivyo, na mpaka leo tunaibeba na kosa lake. Ikikosekana, programu haina la kusema zaidi ya "moja kwa moja". Hukosekana kiungo kinapobofywa ndani ya WhatsApp, ndani ya programu nyingi za barua pepe, kwenye faili la PDF, au mtu akipiga picha msimbo wa QR. Chama cha wasomaji kinaishi kwenye makundi ya WhatsApp. Nusu yenu wanatoka huko, ningeweka dhamana.

Dawa ni kukiwekea kiungo alama kabla ya kukituma. Mwishoni mwa anwani ongeza ?utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi&utm_campaign=orodha-ya-mwezi. Hizo herufi tatu za UTM ni urithi wa Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua 2005, na kutokana na programu yake ikazaliwa Google Analytics. Andika kwa herufi ndogo siku zote, kwani WhatsApp na whatsapp zitahesabiwa kama vyanzo viwili. Na usiweke alama hizi kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenu. Mtu aliyetoka kwenye barua pepe akibofya kiungo cha ndani chenye alama, asili yake inavurugika.

SWALI: Je, programu hizi zinaweza kunionyesha jina na namba ya simu ya mtu aliyefungua fomu yangu ya maombi akaacha kuijaza?

JIBU: Hapana, na masharti ya Google Analytics yanakataza kuipelekea majina, barua pepe au namba za simu za watu. Mtu aliyeacha kujaza fomu ameshakujibu. Angalia aliishia kwenye kisanduku kipi, ujiulize kama kweli unakihitaji.

Ila kagua kitu kimoja leo. Tuma fomu hiyo wewe mwenyewe, kisha usome anwani ya ukurasa unaofuata. Ukiona barua pepe yako imetokea humo baada ya alama ya kuuliza, basi huenda umekuwa ukiwapelekea Google barua pepe za watu bila kujua, maana anwani ya ukurasa nayo hutumwa. Mwambie aliyekutengenezea fomu aitume kwa njia ya POST, ambayo haiweki majibu kwenye anwani ya ukurasa.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Naandika kurasa za kuwasaidia wanaoishi na kisukari. Nataka kujua ni zipi zinasomwa, lakini nasita kuwafuatilia wagonjwa. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kusita kwako kuna msingi. Anayefungua ukurasa kuhusu vidonda vya miguu amekueleza jambo la mwilini mwake, na hakukueleza ili limfikie mtu wa tatu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, huziweka habari za afya kwenye kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Ningefuata ulinzi huo hata kama hakuna msomaji wako hata mmoja anayeishi Ulaya.

Wewe unataka kujua kurasa zinazosomwa. Huhitaji kujua nani. Kwa hiyo usitumie Google Analytics hapo. Tumia Matomo, programu huria iliyoanza 2007 kwa jina la Piwik, ambayo unaiweka kwenye seva yako mwenyewe na takwimu hazitoki humo. Kama huna mtu wa kukutunzia seva, Plausible, programu nyingine ya takwimu, haiweki kidakuzi chochote, na kwa swali lako inatosha.

Ukichagua Matomo, fanya hivi kwa mpangilio huu. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya faragha, uzime vidakuzi, uiambie ikate sehemu mbili za mwisho za anwani ya IP. Weka muda wa kufuta rekodi za kila ziara. Miezi mitatu inakutosha, kwani majumlisho ya kila ukurasa yatabaki. Andika sentensi mbili chini ya tovuti, kwa lugha ya mgonjwa, ukimweleza unachohesabu na usichohesabu. Hayo yakishakamilika ndipo ubandike msimbo kwenye kurasa.