Nimetolewa mrija mmoja. Je, nitazaa?

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 27, naishi Korogwe. Mwezi wa pili nilipasuliwa kwa dharura. Nikaambiwa mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija wa kushoto ukapasuka, wameutoa. Mama mkwe anasema chanzo ni sindano za uzazi wa mpango nilizochoma zamani. Je, nitazaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umepoteza mimba na umeponea chupuchupu siku hiyo hiyo. Lia kadiri unavyotaka.

Sindano hazihusiki, mweleze mama mkwe kwa heshima. Yai hurutubishwa ndani ya mrija, kisha husafiri siku kadhaa hadi kwenye mji wa mimba. Mrija ukiwa na kovu, yai hukwama na kutunga hapo hapo. Kovu hilo mara nyingi huachwa na maambukizi ya zamani, kama klamidia au kisonono, ambayo mwanamke huweza kukaa nayo bila dalili yoyote. Wengine hatuoni sababu kabisa. Na mrija hautanuki kama kizazi: mimba ikikua, unapasuka.

Nikiwa wodini alikuja mama ameshika bega, akidhani ndoo ya maji imemtegua. Tumbo, alisema, ni chango tu. Nilipomvuta kope ya chini, ndani kulikuwa kweupe kama karatasi. Damu ilikuwa imejaa tumboni, ikachokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu ya hapo husikika begani. Alipona, kwa chupa 3 za damu. Tangu hapo, mwanamke akiniambia bega linamuuma, namuuliza kwanza aliona siku zake lini.

Kuzaa, ndiyo, wengi huzaa. Mrija wa kulia ukiwa mzima huweza kudaka hata yai la upande wa kushoto. Ila kati ya wanawake 10 waliopatwa na hili, kama mmoja hupatwa tena. Kwa hiyo nenda na mumeo mkapime magonjwa ya zinaa sasa. Siku zikikupita, pima mkojo. Ukiwa na mimba, usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kliniki. Piga ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7, na useme tangu mapokezi kwamba uliwahi kutolewa mrija. Ukisikia maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au ukaona matone ya damu, nenda hospitali usiku huo huo, hata kwa nauli ya kukopa.