Kuvuka nyika ya Mangystau na marafiki: mafuta, matairi na ardhi yenye chumvi

Wengi wanaokwenda Mangystau, magharibi ya Kazakhstan, huanza kwa kuchagua miamba ya kupigia picha. Tunawashauri muanze na hesabu ya mafuta, kwa sababu ndiyo itakayoamua mfike wapi na mlale wapi.

Safari huanzia Aktau, kwenye Bahari ya Kaspi. Mji wa mwisho wenye vituo vya kuaminika kabla ya kuingia porini ni Zhanaozen, kilomita 150 hivi. Chukueni mzunguko wa kwenda msikiti wa Beket-Ata na miamba ya Bozzhyra kisha kurudi Zhanaozen, kilomita 400 mkihesabu na kupotea njia. Land Cruiser ya dizeli inayokula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami, ikiwa imesheheni na inapita mchangani hufika lita 18. Hiyo ni lita 72. Ongezeni theluthi moja ya akiba, mnapata 96, na tangi la kawaida ni lita 90 tu. Kwa hiyo kila gari libebe dumu moja la chuma la lita 20, lifungwe imara na lisikae walipo abiria. Kwenye pampu dizeli huandikwa ДТ na petroli АИ-92 au АИ-95. Akosaye kuzitofautisha asishike bomba.

Maji ni lita 6 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia, pamoja na akiba ya siku mbili. Hakuna mto. Aktau yenyewe hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Yagawanyeni maji kwenye magari yote, ili gari moja likiharibika au dumu likipasuka msibaki na kiu nyote. Nendeni Aprili na Mei, au Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Julai joto hupita nyuzi 40, na kubadilisha tairi saa saba mchana kunaweza kumwangusha mtu mzima.

Matairi ndiyo yanayomaliza safari nyingi. Kwenye lami wekeni upepo psi 35. Kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, shusheni hadi 26, na kwenye mchanga laini hadi 18 au 20. Tairi lililopunguzwa upepo hulala chini na kubeba uzito kwa eneo kubwa, ndiyo maana halizami. Lakini ubavu wake hutokeza nje, na mawe ya chokaa ya huko yana makali. Kijiti cha kuzibia pancha hakisaidii ubavu uliochanika. Kila gari libebe spea mbili, na kompresa iwe ya kufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara hupata moto kabla tairi la pili halijajaa. Msizidi kilomita 40 kwa saa kabla ya kurudisha upepo.

Rasta pia hulegeza nati. Kila jioni, kabla ya kuwasha jiko, mtu mmoja apite na spana: kishikizo cha betri, vichwa vya betri, boliti za keria, bushi za shokapu, nati za magurudumu. Betri inayocheza huvunja kichwa chake, na hapo gari haliwaki.

Sasa ardhi yenye chumvi, ambayo wenyeji huiita *sor*. Ile ya Tuzbair ni maarufu. Juu huonekana nyeupe, kavu, tambarare kama meza, na dereva hushawishika kukanyaga mafuta. Chini ya ganda hilo jembamba kuna tope zito. Shukeni, tembeeni hatua hamsini mbele ya gari, mpige kisigino kwa nguvu. Alama ikiwa nyeusi na kuanza kuloa, geuzeni. Mkiwa mmeshanasa, acheni kuzungusha magurudumu mara moja, maana kila mzunguko hushusha tumbo la gari. Chimbeni nyuma ya magurudumu yote manne, tandikeni vibao vya kujinasulia, kisha gari la pili livute kwa nyuma, kwenye alama mlizoingilia. Hilo la pili lisimame pagumu, hata ikibidi kuunganisha kamba mbili. Fungeni kamba kwenye ndoano ya chasisi, kamwe siyo kwenye tufe la chuma la kuvutia trela: likikatika huruka na linaweza kuua.

Udongo wa mfinyanzi nao ni hatari mvua ikinyesha. Hushika gurudumu hadi lisizunguke ndani ya bodi. Msipambane nao; pigeni kambi mngoje jua na upepo. Ndiyo maana ratiba isiyo na siku ya ziada haifai huko.

Magari yasipungue mawili, na redio za upepo mbili ziwemo. Wekeni nafasi ya mita 400 ili wa nyuma asile vumbi, na kwenye kila njia panda wa mbele asubiri mpaka amwone wa nyuma. Kuhusu kuingia sehemu yenye mashaka, mmoja wenu akisema hapana, hamuingii. Hili mkubaliane Aktau, mkiwa mmeshiba na hamna haraka. Usiku msiendeshe: ngamia na farasi hulala barabarani. Bozzhyra msiegeshe ukingoni, mwamba wa chokaa hupasuka na kumeguka bila onyo.

Beket-Ata ni msikiti uliochongwa ndani ya mwamba, na desturi ni kuzuru kwanza Shopan-Ata, msikiti mwingine wa mwambani. Wanawake wafunike kichwa. Mahujaji hulishwa na kupewa pa kulala, acheni sadaka. Mkiingia na “asalaam aleikum” mtaelewana haraka.

Mkitaka kuendelea Uzbekistan, jazeni kila kitu katika mji wa Beyneu. Hadi Qo‘ng‘irot, mji wa upande wa Uzbekistan, ni karibu kilomita 400 za uwanda wa Ustyurt, na ng'ambo magari mengi hutumia gesi, hivyo dizeli ni ya kutafuta. Mpakani dawa zenye kodeini au tramadoli ziwe na cheti cha daktari, na droni iacheni nyumbani. Kabla ya hapo osheni tumbo la gari kwa maji mengi Beyneu, kwani chumvi iliyoganda kwenye mabomba ya breki huanza kula chuma siku hiyo hiyo.