Kamera ikitikisika, mto hurudi mlimani

Napima kasi ya mto kwa video ya simu na programu ya kompyuta. Video yangu ya kwanza ya Mto Mkulumuzi, hapa Tanga, ilionyesha maji yakipanda kurudi Usambara. Mishale ambayo programu huchora kuonyesha mwendo wa maji, nusu inaelekea baharini, nusu inaelekea mlimani. Nikaitukana programu siku nzima. Kumbe kosa ni mkono wangu: nilishika simu, na programu haijui kilichosogea ni maji au ni mimi.

Natumia OpenPIV, programu huria ya Python, bure kabisa. Huikata picha vipande vya mraba, kisha hutafuta kila kipande kimehamia wapi katika picha inayofuata. Umbali ukiugawa kwa muda, unapata kasi ya maji pale pale. Lakini maji matupu hayana cha kufuatwa, ndiyo maana huomba maranda kwa fundi seremala nikayamwaga juu kidogo ya ninaporekodi.

Simu ifunge darajani ikitazama chini wima. Ukirekodi kutoka ukingoni, mita ya mbali huonekana fupi kuliko ya karibu, na hesabu za kuinyoosha picha si za kuanzia. Fimbo ya mita moja, ya kukuonyesha mita ni pikseli (nukta za picha) ngapi, iwe usawa wa maji, si juu ya daraja (nilishafanya hivyo, usiniulize). Yangu ilitoka pikseli 200.

Paliponichosha ni kuchagua picha zipi mbili za kulinganisha. Kipande changu kina pikseli 32 kila upande, na maranda yasisogee zaidi ya robo yake, yaani 8. Kwa picha 30 kwa sekunde yalisogea 4 tu. Ukikosea pikseli moja hapo, robo ya jibu imekwenda. Nikawa naruka picha moja: pikseli 8 kwa sehemu ya 15 ya sekunde, sawa na mita 0.6 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya uso wa maji. Ukitaka wastani hadi chini, wengi huzidisha kwa 0.85.

Mzee mmoja mwenye ndoano alikuwa ananitazama tu.

"Mwanangu, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza kitu, mzee wangu. Napima mwendo wa maji."

Akacheka, akatoa chungwa la Muheza mfukoni. "Tupa hili, uhesabu."

Mita 5, sekunde 8. Mita 0.625 kwa sekunde! Na chungwa huzama karibu lote, kwa hiyo kusi halilisukumi kama maranda. Sasa sipimi bila chungwa. Lile la kwanza lilishika njia ya baharini, na mzee alidai jingine.